Bustani ya Bruda

Kitabu cha jubilei kililetwa nyumbani Jumanne alasiri, kimefungwa kwenye gazeti. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekileta. Alikiweka mezani mbele ya wazazi wake, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama akijifanya anatazama dirishani.

"Kifungueni basi," alisema. "Hakiumi."

Mama yake alijifuta mikono, akakifungua. Miaka ishirini na zaidi alikuwa akifua na kupiga pasi kanzu za kanisa la shule ile, kwa hiyo aliona ana haki ya kuwa wa kwanza. Alisoma jalada kwa sauti, polepole, asiache hata herufi moja: shule ya sekondari ya wavulana, miaka sabini na mitano, historia na majengo yake. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, lilikuwepo jina la mwanawe.

"Baba Mwalimu, umeona? Jina la mtoto limechapwa."

"Nimeliona."

"Umeliona wapi, na macho yote yako kwenye hiyo koki?"

Ni kweli, mumewe alikuwa na koki mkononi. Alikuwa fundi wa maji wa shule, wanafunzi walimwita Mzee Koki, na mtu aliyemkuta bila koki, spana au kipande cha bomba angeweza kudhani amepotea. Aliiweka chini, akavaa miwani, akavuta kitabu upande wake. Tangu mtoto wao apate cheti cha ualimu wawili hawa walikuwa wameacha kuitana majina mengine. Ni Baba Mwalimu na Mama Mwalimu, hata wakigombana.

Kitabu kilikuwa kizuri, mtu asiseme uongo. Mlikuwa na mabweni manne na majina ya watakatifu wake, maabara tatu, maktaba yenye ghorofa, kanisa la matofali ya kuchoma, bwalo la kulisha wavulana mia sita kwa mkupuo mmoja. Walikuwemo mapadri wakuu wote tisa, kila mmoja na picha yake, wengine wamenuna. Fundi aliyatambua majengo yale kwa mabomba yake. Alipofika kwenye maabara alikumbuka bomba linalovuja nyuma ya sinki la tatu. Alipofika kwenye picha ya uzinduzi wa mnara wa maji aliisogeza karibu na macho. Katikati alisimama Bruda Ndevu, yule mtawa aliyekuwa bwana ujenzi wa shule zamani, ndevu zimepeperuka, mkono juu ya ngazi. Ukingoni mwa picha kulikuwa na kiwiko cha mtu.

"Hiki ni kiwiko changu," alisema.

Mwalimu alikohoa. "Picha ilikuwa pana, baba. Ilibidi ikatwe ienee ukurasa."

"Si neno. Kimetoka vizuri."

Mkewe alimtazama, akaona hajatania wala hajakasirika, akaacha. Walikuwa na jambo kubwa zaidi la kufurahia. Mwisho wa mwezi fundi alikuwa anastaafu, na nyumba ile ya vyumba viwili nyuma ya karakana ilikuwa nyumba ya kazi: kazi ikiisha, unatoka. Lakini Mwalimu, aliyefundisha historia pale miaka sita kwa mkataba wa muda, angetangazwa Jumamosi, siku ya jubilei, mbele ya Askofu, kuwa mwalimu wa kudumu. Mwalimu wa kudumu hupewa nyumba, na Padri Mkuu alikuwa amekubali kwa mdomo wake kwamba apewe hii hii, wazazi wasihangaike. Kitabu ndicho kilicholeta yote hayo. Askofu alikuwa amekisoma, akakiandikia dibaji.

Fundi alifika ukurasa wa kumi na nne. Kichwa kilisema: Bustani ya Bruda. Kila mtu pale shuleni aliijua, kiwanja kidogo cha majani mbele ya kanisa, hatua kumi na moja kila upande, na msalaba wa chuma katikati. Hakuna aliyekikanyaga. Wavulana waliochelewa darasani, wenye adhabu shingoni, walizunguka badala ya kukatisha. Kitabu kilieleza kwamba Bruda mwanzilishi wa shule, wa zamani kuliko Bruda Ndevu, alikuwa akipiga magoti hapo kila alfajiri kuwaombea vijana ambao hawajazaliwa bado.

Alikuwa anajua wameandika hivyo. Alichokuwa hakijui kilikuwa ukurasa wa mwisho, kwenye ratiba. Misa Takatifu: Bustani ya Bruda. Altare mpya ya zege itajengwa mahali alipoomba mwanzilishi. Wanafunzi wote watapanga mistari ndani ya bustani, kwa mara ya kwanza katika historia ya shule.

"Misa si iko uwanja wa mpira?" aliuliza.

"Ilikuwa. Padri Mkuu alipousoma ule ukurasa wa kumi na nne alisema hapana, tuanzie pale tulipozaliwa." Mwalimu alishindwa kuficha meno. "Lori la kokoto linakuja keshokutwa."

Fundi alivua miwani. Alipotaka kuiweka mezani, iliangukia sakafuni.

*

"Chini ya ile bustani kuna tangi," alimwambia mkewe, Mwalimu alipokwisha kuondoka.

Mama Mwalimu alikuwa anamwaga chai. Hakusimamisha birika. "Tangi gani?"

"La maji ya mvua. La zamani, kabla ya mnara. Kubwa, linaenea hiyo bustani nzima. Juu yake kuna zege tu, na udongo kiasi cha kuotesha majani. Na lile zege limeoza. Mwaka jana nilichungulia, usiku. Nondo zimeliwa na kutu, ukiligusa linadondoka kama mkate uliokauka."

"Na Bruda aliyeomba?"

"Hakuna Bruda aliyeomba."

Hapo ndipo birika lilipotua. Fundi alimweleza, akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, maana kukaa hakukuwezekana. Miaka thelathini na moja nyuma, mnara ulipojengwa, tangi liliachwa. Wakaweka kibao: Hatari. Wavulana wakakiona kibao wakafurahi. Wakashindana nani ataruka juu ya hatari mara nyingi zaidi, na wawili wakavunjika miguu juma moja, zege lilipobonyea. Wakaweka uzio, wavulana wakaugeuza kuwa kuni za kuchomea mahindi. Ndipo Bruda Ndevu akasema hawa tuwajaribu kwa njia nyingine. Wakaziba, wakapanda majani, wakafunga msalaba juu ya mfuniko wa chuma kwa boliti nne, na Jumapili Bruda akatangaza kanisani kwamba pale palikuwa mahali pa sala pa mwanzilishi. Hakuna aliyekanyaga tena.

"Padri aliyepita nilimweleza, akasema litafukiwa bajeti ikipatikana. Akahamishwa. Huyu wa sasa nilikuwa nangoja nafasi."

"Miaka miwili unangoja nafasi?"

"Niliona hakuna haraka. Nani angekanyaga?"

Mama Mwalimu alikaa. Alikuwa mwanamke wa kufikiri kwa vidole, na vidole vyake vilikunja na kukunjua ncha ya kitambaa cha meza. "Ukisema, kitabu cha mtoto kitakuwa nini?"

"Najua."

"Askofu ameuandikia uongo dibaji. Atafurahi?"

"Najua, Mama Mwalimu."

"Na sisi tutalala wapi? Sema hilo nalo unalijua."

Hakulijua. Alisimama dirishani akitazama paa la kanisa. Jumamosi ilikuwa karibu mno na lori lilikuwa karibu zaidi.

"Ungeniachia hilo jambo nikiwa sijalisikia," mkewe alisema mwishoni. "Sasa nitawatazamaje wale watoto wakienda kwenye Misa?"

*

Jumatano asubuhi alivaa shati lake la Pasaka akaenda ofisini. Karani wa Padri Mkuu alimwonyesha benchi. Alikaa. Waliingia wenye mahema, wakatoka. Akaingia mpiga picha, akatoka. Akaingia mtu wa vipaza sauti, akakaa humo mpaka chai ikapelekwa na vikombe vikarudi. Kila mlango ulipofunguka fundi aliinuka nusu, kisha akashuka.

"Mzee," karani alimwita, naye akasimama wima. "Kwa vile upo, koki ya chooni kwa Padri inadondosha. Hebu itazame."

Aliitazama. Aliifungua, akageuza mpira wa ndani, akaifunga tena, shati la Pasaka limelowa kifuani. Akarudi kwenye benchi. Karani akacheka kidogo kwa huruma akasema afadhali, ilikuwa inamkera Padri.

Padri Mkuu alimpokea saa sita kasoro, akiwa amesimama, funguo za gari mkononi. Alikuwa kijana kwa padri mkuu, hana hata mvi, mtu wa mipango na ratiba, na hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo fundi alikuwa akiliogopa tangu jana.

"Michoro iko wapi?"

"Iliungua, Padri. Stoo ilipoungua."

"Nani mwingine anajua?"

"Bruda Ndevu alijua. Yeye ameshafariki. Na padri aliyepita."

"Aliyepita yuko masomoni ng'ambo, simu yake siku hizi haipatikani." Padri alikuna shavu. "Mzee wangu, hapa kuna kitabu. Kimefanyiwa utafiti miaka miwili. Kimesomwa na Askofu. Na kimeandikwa na mwanao. Humu hakuna tangi."

"Aliandika alichosikia."

"Alisikia kutoka kwa nani?"

"Kwetu."

Padri alifungua mlango akamwambia karani amwite Mwalimu wa historia. Mwalimu alikuja na chaki vidoleni, akatabasamu alipomwona baba yake, kisha akaona lile shati lililolowa na tabasamu likaisha. Padri alimweleza kwa maneno machache. Hakuwa na kejeli hata kidogo, na hilo lilizidisha ubaya wa jambo lenyewe.

"Unalijua hili tangi, Mwalimu?"

Mwalimu alimtazama baba yake. Yeye mwenyewe alisoma shule hii kwa nusu ya ada kwa sababu ya baba huyu. Katika umri wa miaka kumi na minne alikuwa akivua kofia kila alipopita pale bustanini, na aliomba pale pale apasi mtihani, akapasi. Na sasa anaambiwa alikuwa akiliomba tangi la maji, tena mbele ya bosi wake, siku tatu kabla ya jina lake kusomwa.

"Baba amechoka, Padri," alisema, akitazama chini. "Tangu barua ya kustaafu itoke, halali vizuri."

Ilikuwa kweli kwamba halali vizuri. Padri Mkuu alimshika fundi bega kwa upole, akamwambia kustaafu ni kugumu kwa kila mtu, akamwambia nyumba ameshapata asiwe na wasiwasi, akamwambia aende akapumzike. Fundi alijikuta nje, kwenye ngazi. Karani alimkimbiza kumpa spana aliyoisahau chooni.

*

Walipokutana nyumbani mchana chakula kilipoa mezani, hakuna aliyekigusa.

"Umenitukanisha," Mwalimu alisema.

"Mimi? Nani kasema mwenzake amechanganyikiwa?"

"Sikusema umechanganyikiwa. Nimesema umechoka."

"Kwa mzee wa miaka sitini ni kitu kimoja."

"Mbona hukuniambia, baba? Miaka miwili nakuja hapa na daftari. Nakuuliza bweni la pili lilijengwa lini, unanijibu. Nakuuliza kanisa liliezekwa na nani, unanijibu. Nikakuuliza bustani. Ulisema nini?"

Fundi alikumbuka. Alikuwa amesema, muulize karani wa parokia.

"Ulipokuwa mwanafunzi nisingeweza," alisema. "Ungewaambia wenzako, na kesho yake wangekuwa wanacheza mpira pale. Ulipokuwa mwalimu nikaona aibu. Ulikuwa unapavulia kofia bado. Nilikuwa nakuona kutoka karakana."

Mwalimu aligeuza uso ukutani. Mama yake alisogeza sahani ambayo haikuhitaji kusogezwa.

"Zege limekaa miaka yote hiyo," Mwalimu alisema baadaye, kwa sauti ya kubembeleza kama ya utotoni. "Ni Misa moja tu, baba. Muda wa saa mbili. Nitamwambia Padri altare iwe ya mbao, lori lisiingie. Na tukishapita Jumamosi, nakuapia, mimi mwenyewe nitakwenda kusema."

"Na wale mia sita?"

"Watasimama tu. Hawataruka."

"Mwanangu, wewe unafundisha wavulana miaka sita sasa. Uliwahi kuwaona wamesimama tu?"

Mama Mwalimu ndiye aliyecheka, bila kutaka, cheko fupi lililomtoka kama kikohozi, kisha akajifunika uso kwa viganja akalia. Alilia kwa ajili ya jikoni yake, kwa dirisha alilolichongea rafu mwenyewe, kwa kamba ya nguo iliyopata jua asubuhi na jioni. Alisema hayo yote kwa sauti, moja moja, na wanaume wake wakasikiliza hadi mwisho.

"Haya," alisema alipomaliza, akipangusa pua. "Nimekwisha kulia. Sasa fanya unachotaka kufanya, Baba Mwalimu. Ila usinifanye nikakaa kwenye hii nyumba nikisikia wale watoto chini ya sakafu."

*

Lori la kokoto lilifika Alhamisi, mapumziko ya saa nne, wakati shule nzima iko nje. Lilipita geti, likazunguka kanisa, likaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea bustani, na msaidizi wa dereva akilielekeza kwa mkono, njoo, njoo, njoo. Padri Mkuu alikuwepo, na mwenye mahema, na walimu kadhaa.

Fundi alitoka karakana na mtaimbo begani. Alipita mbele ya lori bila kulitazama, akaweka mguu kwenye majani.

Wavulana waliguna kwa pamoja. Mguno ule ulisikika hadi sakristia, chumba cha mavazi ya Misa, na Mama Mwalimu alitoka humo na kanzu nne mkononi kuona kuna nini. Hakuna kati yao aliyewahi kumwona mtu juu ya yale majani. Hata Mzee Koki aliyapunguza akiwa amesimama pembeni, kwa fyekeo lenye mpini mrefu, na wao walidhani ni heshima.

Hakuenda moja kwa moja. Alipita ukingoni, akahesabu hatua sita, akageuka, akafuata mstari ulionyooka kuelekea msalaba, kwa sababu chini ya mstari ule ilipita boriti, na yeye peke yake duniani ndiye aliyekuwa akijua hilo. Kwa anayemtazama alionekana kama mlevi anayejitahidi kutembea vizuri.

"Mzee!" Padri Mkuu aliita. "Mzee, toka hapo tafadhali!"

"Kachanganyikiwa!" sauti ya mvulana ilipasuka nyuma, na kicheko kikafuata. Mlinzi wa geti aliitwa amtoe. Akafika ukingoni, akatazama majani, akatazama msalaba, akajikuta hawezi. Alikuwa ameshika dini sana.

Fundi alipiga magoti. Alichimbua majani kwa ncha ya mtaimbo mpaka shikio la kwanza la mfuniko likatokea, jekundu kwa kutu, kisha upande wa pili la pili. Akaingiza mtaimbo chini ya ukingo akasukuma. Msalaba ulitikisika, na wavulana wakaacha kucheka. Akasukuma tena, mishipa ya shingo imemtoka. Mfuniko uliinuka kidole kimoja ukarudi. Ulikuwa mfuniko wa watu wawili. Siku zote ulikuwa wa watu wawili, yeye na Bruda Ndevu, na mwaka jana alikuwa ameuinua kwa jeki ambayo sasa ilikuwa imefungiwa kwenye stoo ya mahema.

Alijaribu mara ya tatu. Mtaimbo uliteleza, akaangukia kiwiko. Dereva wa lori alipiga honi, ya kuuliza tu, kwamba tunaendelea au vipi.

Mwalimu alikuwa amesimama na walimu wenzake. Alikuwa amevaa koti, kwa sababu mpiga picha angewapiga picha. Mama yake ng'ambo ya pili hakumwita wala hakumwashiria kwa jicho. Alishika kanzu zake tu. Mwalimu alivua koti, akamkabidhi mtu wa kwanza aliyekuwa karibu, ambaye alikuwa Padri Mkuu, akaenda.

"Nipitie wapi?" aliuliza akiwa ukingoni.

Baba yake aliinua kichwa. "Hatua sita kwanza. Kisha kanyaga nilipokanyaga mimi. Usiende kushoto."

Alifuata. Akafika, akashika shikio la pili, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliugusa ule msalaba aliouvulia kofia, akaona ulivyofungwa: boliti nne za nusu inchi, zile zile zilizojaa kwenye kopo la karakana alilokuwa akichezea akiwa mtoto.

"Nikisema tatu," alisema fundi.

Mfuniko ulitoka na msalaba wake, ukalala kwenye majani. Harufu ya maji yaliyooza ikapanda. Ukingo wa shimo ulimeguka chini ya kidole cha Mwalimu, kipande kama ngumi, na nondo ndani yake ikavunjika kama kijiti. Alikishika, akakigeuza, akawaonyesha waliosimama. Kisha akakiachia shimoni.

Mia sita walinyamaza. Kipande kilienda. Kiliendelea kwenda. Kisha wote wakasikia, mbali, chubwi.

Dereva hakungoja kuambiwa. Aliingiza gia, lori likasogea mbele, likaenda kusimama huko kwenye mipapai, na yeye akashuka akaketi chini kando ya gurudumu, mikono kichwani. Padri Mkuu alifanya ishara ya msalaba, koti la mtu lingali mkononi.

"Ni mita ngapi?" aliuliza.

"Sita, Padri," fundi alisema. "Maji ni mbili."

*

Misa ilifanyika uwanja wa mpira. Vitabu mia nane vilifungiwa stoo, na Askofu alihubiri kuhusu ukweli, kwa jumla, bila kutaja tangi. Mwenyekiti wa bodi aliposoma majina ya walimu wa kudumu yalikuwa mawili, na la Mwalimu halikuwemo. Suala lake litaangaliwa bodi ikikaa, aliambiwa, na bodi hukaa mara mbili kwa mwaka.

Padri Mkuu alimwita fundi ofisini, safari hii bila benchi. Alimshukuru kwa dhati, machozi yakamlenga. Kisha akasema jambo lililokuwa likimsumbua.

"Lakini mliwadanganya watoto, mzee. Tena kwa kutumia msalaba."

"Tulipoweka kibao, Padri, wawili walivunjika miguu. Tulipoweka msalaba, miaka thelathini na moja, hakuna hata mmoja."

Kuhusu nyumba, Padri alisema nayo itasubiri bodi. Nje dirishani, kwenye kile kiwanja kilichozungushiwa utepe mwekundu, wavulana wawili wa kidato cha kwanza walikuwa wamelala kifudifudi ukingoni, wanatupa mawe na kuhesabu. Mlinzi alikuwa anawakimbilia na fimbo. Ilikuwa mara ya nne asubuhi ile.

Mwisho wa mwezi walihamia vyumba viwili vya kupanga, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Siku ya kuhama mkokoteni ulisimama mlangoni na Mama Mwalimu alikuwa mkali kwa kila mtu. Aliivunja ile rafu ya dirishani kwa mikono yake, ubao kwa ubao, akaifunga kwa kamba.

Fundi alikaa juu ya godoro lililokunjwa. Mwalimu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kitabu mapajani, kalamu mkononi. Alikuwa ameufuta ukurasa wa kumi na nne kwa mstari mmoja mrefu na ameanza kuandika upya pembeni. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyeahidi kukichapa.

"Nimefika hapa," alisema. "Sikiliza. 'Habari ya kwamba mwanzilishi aliomba mahali hapo si ya kweli. Ilitungwa na Bruda msimamizi wa ujenzi pamoja na fundi wa maji wa shule.'" Alisita. "Baba, kurasa sitini, na hapa ndipo pekee unapotajwa. Umeingia kwenye historia ya shule kama mwongo."

Fundi alilifikiria hilo. Kisha akaanza kucheka, kwanza puani, kisha kifuani, hadi akalazimika kuvua miwani.

"Si kilikuwa kiwiko tu?" alisema. "Leo nimeingia mzima."

"Nisiandike?"

"Andika. Ila andika na miaka niliyofanya kazi."

"Mingapi?"

"Thelathini na minane."

Mwalimu aliandika. Mama Mwalimu alichungulia mlangoni, rafu kwapani, akauliza kama kuna mtu anakusudia kubeba hilo godoro au anangoja litembee lenyewe. Wakainuka wote wawili, kila mmoja akashika upande wake.